Mlipe fundi kwa kupima, si kwa kubahatisha

Taa ya injini imewaka kwa dashibodi. Ukisimama kwa jam, gari linatetemeka, na mafuta uliyodhani yatakufikisha Ijumaa yameisha Jumatano. Unaenda gereji ya mtaa. Fundi anafungua boneti, anasikiliza sekunde mbili, kisha anatoa hukumu: "Boss, hizi ni plagi." Unanunua plagi. Wiki ijayo ni koili. Wiki nyingine ni pampu. Mwezi unaisha, taa bado inawaka, na wewe huna hata nauli.

Usikimbilie kumwita mwizi. Mara nyingi anatibu injini ya EFI kwa akili ya kabureta. Na wewe unamruhusu, kwa sababu hujui vile gari lako linakunywa mafuta.

Kabureta haikuwa na akili nyingi. Hewa ilipita kwenye koo jembamba ikinyonya petroli kupitia vitundu vya kipimo kimoja. Haikujua kama uko Mombasa karibu na bahari ama Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu, ambako hewa ni nyepesi. Ukipanda mlima petroli inazidi hewa, injini inakohoa moshi mweusi, na fundi anachukua bisibisi kurekebisha. Hapo sikio na uzoefu vilitosha.

EFI hupima kwanza, ndipo imwage. Vitz, Demio, Probox na karibu kila gari dogo la petroli linaloshuka bandarini siku hizi linatumia mfumo huu. Pampu iliyo ndani ya tenki inasukuma petroli kwa presha hadi kwa injekta. Injekta ni vali ndogo ya umeme. Inafunguka kwa milisekunde chache, inanyunyiza, inafunga. Ikae wazi kwa muda gani? Hilo linaamuliwa na kompyuta ya injini.

Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa. Moja inaiambia hewa inayoingia ni kiasi gani. Nyingine inahesabu mizunguko ya krenki. Nyingine inasema umekanyaga mafuta kiasi gani, nyingine joto la maji ya injini. Lengo ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaonja moshi na kurudisha ripoti: ongeza kidogo, ama punguza.

Sasa fikiria sensa ya joto inadanganya kwamba injini bado ni baridi. Kompyuta itaendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile ni asubuhi ya Julai. Plagi zitajaa masizi. Fundi ataziona, atazibadilisha, na zitachafuka tena. Plagi hazikuwa na makosa.

Ndiyo maana skana inafaa kuchomekwa kabla spana haijagusa kitu. Lakini hata skana ina mtego wake. Ikikuonyesha P0171, maana yake ni kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Haijakwambia ununue nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu imechoka, chujio limeziba ama sensa ya hewa imechafuka. Skana ni kama thamomita: inasema una homa, haisemi kama ni malaria.

Kupata jibu kunahitaji kupima presha ya mafuta, kufuata waya, kutafuta hewa inakovuja. Hiyo ni kazi, tena kazi ya kichwa. Na hapa lawama inarudi kwetu wenye magari. Fundi akisema, "Nilipe nipime kwanza," tunakasirika: "Ati nikulipe kwa kuangalia tu?" Lakini akituuzia pampu tusiyohitaji, tunatoa pesa bila kelele. Tumemfundisha kwamba riziki iko kwa spea, si kwa ukweli.

Kwa hivyo taa ikiwaka, itisha nambari ya hitilafu na uiandike. Usikubali betri ichomolewe ili "taa izime," maana katika magari mengi kumbukumbu hufutika na ugonjwa unabaki. Akikwambia ununue spea, muulize: umepima nini? Taa ikiwa inamemeteka badala ya kutulia, punguza mwendo na utafute msaada haraka. Petroli isiyoungua inaweza kuharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Na wewe wa kuweka ya mia mbili kila siku, jua pampu hupozwa na petroli iliyo ndani ya tenki. Ukiendesha ikikaribia kukauka kila wakati, unaichosha.

Nawe kijana unayeshinda gereji ukishikilia tochi, usingoje diploma. Mimi sina, na bado nimeelewa haya. Jifunze kutumia mita ya umeme, jifunze kusoma mchoro wa waya. Mafundi wa kubadilisha plagi wamejaa kila kona. Wa kueleza kwa nini zimechafuka ni wachache, na hao ndio tunafaa kuwalipa.