Weka hiyo sabuni chini, ute wa samaki si uchafu

Nimechoka na hizi video za watu wakiosha samaki na sabuni ya vyombo. Povu hadi kwa kiwiko, halafu mnampongeza ati "usafi kwanza". Usafi gani? Sufuria hainyonyi sabuni, nyama ya samaki inanyonya. Na usiniambie ile sabuni iko na harufu ya ndimu. Ndimu yenyewe iko kwa mama mboga.

Anayeonewa zaidi ni mumi, yaani kambare. Tilapia ana magamba. Mumi hana hata moja, kwa hivyo ute ndio nguo yake. Ngozi yake inautengeneza kila siku ili bakteria na vimelea wasimshike, na ateleze majini bila kuchoka. Kamongo ndiye amepita wote: maji yakikauka anajichimbia matopeni, ute wake unakauka ukawa kama ganda, na anakaa humo ndani miezi akingoja mvua. Hicho ndicho kitu mnakunjia pua.

Sasa mtu anafika Gikomba, anagusa samaki na kidole kimoja, anamwambia mama samaki, "Huyu ameoza, anateleza." Halafu ananunua yule amekauka juu ya kushinda kwa jua! Manze, mmegeuza mambo. Samaki freshi ana ute mwangavu, karibu kama maji. Wa kuogopa ni ule mzito, umegeuka kuwa kama maziwa au manjano, na harufu inakupiga kabla ufike. Funua mashavu pia. Yakiwa mekundu, lipa.

Sisemi upike na ute. Unabeba matope na harufu ya bwawa, utoe. Lakini toa vile shosho zetu wametoa miaka yote: chumvi mkono mzima, sugua kutoka kichwa hadi mkia, ngoja dakika chache, kwangua na mgongo wa kisu, suuza. Unga wa ugali unafanya kazi, hata jivu safi la kuni. Mumi akikataa, mkamulie ndimu. Ute utaganda uwe mweupe, hapo hata kipofu anaukwangua. Maji moto mwagia tu haraka, ukimloweka ngozi itaiva ichanike.

Ukimaliza, mikono ikinuka, sasa leta hiyo sabuni. Ya mikono.