Anayejitolea Naye Awekewe Bajeti

Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali hukumbuka watu wa kujitolea fedha zikishapungua. Mkutano unaitishwa, majina yanaandikwa, fulana zinagawiwa. Baada ya miezi kadhaa wengi hawaonekani tena, na ripoti inasema jamii haina mwamko. Lawama hiyo inawaangukia wasiohusika.

Tuwatazame wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya, ambao kwa miaka mingi walifanya kazi kwa jina la kujitolea. Mhudumu anafika nyumbani, anamzungushia mtoto utepe kwenye mkono wa juu. Ukionyesha chini ya sentimita 11.5, hapo ni rangi nyekundu, utapiamlo mkali, na mtoto anatakiwa kituo cha afya bila kuchelewa. Jina linaingia daftarini. Siku chache baadaye mhudumu anarudi kuhakikisha kwamba mtoto kweli alipelekwa, maana mama huenda hakuwa na nauli. Anazo kaya zipatazo 100 za kufuatilia namna hiyo, na shamba lake linamsubiri. Hiyo ni kazi. Mwaka 2023 serikali ilizindua upya mpango wa afya ya jamii kwa wahudumu wapatao 100,000, ikawapa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Shirika la Afya Duniani nalo lilikwisha kupendekeza mwaka 2018 kwamba wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na uzito wa kazi yao.

Wapo wanaohofu kwamba fedha zitaua moyo wa kusaidiana, na hutukumbusha harambee na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Hofu yao naielewa. Lakini msaragambo huita kaya zote, mfereji ukizibuliwa kila mtu anapata maji, na jioni watu wanarudi kwao. Mpango wa shirika huwabebesha wachache, wengi wao wanawake, mzigo wa watu wengi kwa miaka. Mambo haya mawili hayafanani.

Kwangu mimi mpaka uko kwenye saa na uhuru. Anayetoa Jumamosi mbili kwa mwezi kuwasomea watoto maktabani, na anaweza kusema wiki hii sitafika, huyo anajitolea. Anayedaiwa ripoti kila Ijumaa ni mfanyakazi, alipwe. Hata anayejitolea kwa hiari kamili arudishiwe nauli yake. Msalaba Mwekundu, ambao tangu 1965 unahesabu huduma ya kujitolea miongoni mwa misingi yake saba, unakataa tamaa ya faida; kumrudishia mtu alichotumia si faida.

Zaidi ya nauli, anayejitolea anahitaji msimamizi mmoja anayejulikana, anayepokea simu na kusoma kile kilichoandikwa daftarini. Nafasi hii ndiyo mashirika huibana kwanza, ilhali mtu asiyeulizwa kazi inaendaje huona haina maana, akaacha. Makubaliano ya maandishi nayo yawepo, hata ukurasa mmoja: majukumu, muda, na siku ya kumaliza.

Wafadhili nao wanahusika. Kama andiko la mradi lina fungu la semina za hotelini lakini halina fungu la nauli, salio la simu na buti za mvua kwa wanaopita nyumba kwa nyumba, lirudishwe likaandikwe upya kabla ya kusainiwa.