Siri ya Mwenye Shida
Mama mmoja wa mtaa wetu alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kudai matunzo ya wanawe. Kabla ya adhuhuri khabari zake zilikuwa zimefika gengeni. Twasikitika! Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yamlazimu azipokeaye khabari za watu azihifadhi, asizitumie ila kwa jambo lililokusudiwa au lililoruhusiwa na sheria. Lakini siri isiwe pazia la dhulma: Sheria ya Mtoto ya 2009, huku Bara, yamtaka ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa aiarifu serikali ya mitaa. Huko si kusengenya. Yule mama hajarudi ofisini, na matunzo ya wanawe yangali hayajaamuliwa.