Mikwaruzo ya Mtoto Ukutani

Ndugu zetu wazazi, mara nyingi huletewa chuoni mtoto wa miaka 4, na neno la kwanza tuambiwalo ni hili: "Mwalimu, huyu mkono wake mzito, hawezi kushika kalamu." Tuulizapo kama alipata kuchora nyumbani, hujibiwa kwamba alichora ukutani kwa mkaa, akachapwa, akakoma.

Sisi nasi hatuna la kujisifu. Zamani tulimpiga mkononi mtoto aliyejaza ubao wake mistari isiyosomeka. Tangu siku ile kila aonapo kalamu aliuficha mkono nyuma.

Yafaa tufahamu kwamba mkono haukomai kwa siku moja. Mtoto huanza kuumiliki begani, kisha kwenye kiwiko na kifundo, na mwisho vidoleni. Ile mifupa midogo 8 ya kifundo, kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi bado ni gegedu laini, nayo hukomaa polepole kwa miaka mingi. Ndiyo sababu mtoto wa mwaka mmoja na nusu huishika kalamu kwa ngumi, akausukuma mkono mzima. Apatapo miaka 2 hivi huiga mstari wa kusimama. Karibu na miaka 3 hufunga duara. Wako watanguliao na wako wachelewao.

Basi tazameni: mstari ule si alifu? Na duara lile si kichwa cha mimu na cha wau? Mtoto aliyeachwa kuchora huja chuoni mkono wake umekwisha kuzoea.

Kwa hiyo mpeni kijiti achore mchangani, au chaki na ubao mkuukuu. Mwacheni akande unga pamoja na mama yake, afungue na kufunga vifuniko. Shanga na punje ziwekeni mbali naye, asije akazitia kinywani zikamkaba. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka, naye hutumia mkono mmoja tu na kuuacha wa pili, apelekwe kwa daktari upesi.

Ukuta hupakwa chokaa ukawa mweupe tena. Yule mwanafunzi wetu tulimbembeleza muda mrefu kabla hajakubali kuishika kalamu. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie subira kwa watoto wetu. Amin.