Kelele Baada ya Kubadilisha Taiming Belti: Kabla Hujaizika Injini, Sikiliza Kwanza

Najua nimepotea. Tulikuwa kwenye UE, halafu bumu nalo likawa linasuasua, basi hata hamu ya kuandika ikakata. Leo nimerudi na jambo lililonikaa rohoni tangu likizo ndefu ya 2024. Linahusu gari, lakini msikimbie, hata nyie wa fasihi mtaelewa.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa. Gari likianza kelele mara tu baada ya kubadilishwa taiming belti, cha kwanza kushukiwa ni kazi iliyofanyika, siyo injini. Na katika kutafuta, aulizwe kila aliyeshika spana siku ile, hata yule mdogo kuliko wote pale gereji. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike.

Baba yangu mdogo ana Hiace ya dizeli, injini 5L. Alfajiri inatoka kwetu Rubafu na abiria, ndizi na samaki wa ziwani, inaenda Bukoba mjini, jioni inarudi. Hiyo ndiyo ada ya wadogo zangu wawili, na ndiyo inayonisaidia mimi bumu likigoma. Siku moja taa ya T-BELT ikawaka kwenye dashibodi. Toyota waliiweka kwenye dizeli zao hizi kukumbusha kwamba mkanda umefikisha kilomita zake, mara nyingi 100,000. Siyo taa ya kupuuza. Mkanda ule wa mpira wenye meno ndio unaofanya krenki, kamshafti na nozeli pampu zizunguke kwa mpangilio mmoja. Kwenye dizeli ukikatika njiani, pistoni inakutana na valvu, na hapo hasara yake siyo ya mkanda tena.

Basi tukaenda gereji mjini, mkanda mpya mkononi. Nami nikiri hapa: mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kichwani kwa fundi. "Mzee, abiria wa kesho wanatusubiri. Mzee, giza linaingia." Saa 12 jioni gari likawaka vizuri tu, tukalipa, tukaondoka.

Siku ya pili likaanza. Ko, ko, ko, ko. Likiwa sailensa linagonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Ukikanyaga mafuta mlio unapungua. Tukarudi kwa fundi. Akainua kiti cha mbele (injini ya Hiace iko chini ya viti), akasikiliza kidogo, akafuta mikono. "Imenoki hii. Beringi za konrodi zimekwisha. Tafuteni injini."

Injini ya mtumba tukatajiwa Sh 3,500,000. Baba mdogo hakusema kitu. Tulipokuwa tunakunywa chai ndipo akaanza kuzungumzia butura. Kwa wasiotoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Serikali inaikataza, lakini mwenye shida hafungui kitabu cha sheria. Nilimwangalia yule mzee anavyokoroga chai isiyo na sukari... jamani, iliniuma.

Mnajua tena sisi Wahaya, nshomile. Usiku ule nikaangalia video mbili tatu kwenye simu, asubuhi nikatua gereji na jibu langu kamili: "Fundi, mkanda umeruka jino moja." Fundi akacheka. "Sikiliza, msomi. Meno yangepishana upande wa pampu, gari hili lingekuwa gumu kuwaka asubuhi, au lingetoa moshi mweupe, au lingekosa nguvu mlimani. Hili linawaka kwa funguo moja." Na alikuwa sahihi! Nikanywea.

Nilipokwenda pembeni kunawa, yule kijana wa gereji, anayeshika taa na kuosha vyuma kwa dizeli, akanisogelea. Akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, ile bolti kubwa ya puli ya krenki tuliikaza kwa spana fupi. Mpini mrefu ulikuwa umeazimwa. Nilitaka kumwambia bosi, nikaogopa."

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini maneno yale yalikuwa na uzito. Kubadilisha mkanda kwenye injini ile lazima utoe puli ya mbele ya krenki. Inarudishwa kwa bolti moja kubwa, na bolti hiyo haikazwi kwa kukisia. Ina kipimo chake na spana yake ya kupimia. Ikilegea, puli inacheza kwenye krenki, inagonga kwenda na kurudi, na mlio wake unafanana kabisa na injini iliyonoki. Tofauti ni kwamba konrodi iliyokwisha kwa kawaida inagonga zaidi ukiongeza mwendo, na puli iliyolegea mara nyingi inapiga kelele zaidi likiwa sailensa. Hatari yake ni kubwa vilevile. Puli ikicheza inakula mfereji kwenye krenki, na ile gia ndogo ya taimingi iliyo nyuma yake inabanwa na bolti hiyohiyo.

Nilirudi kwa fundi nikajifanya wazo ni langu. "Mzee, kabla hatujaagiza injini, tujaribu vitu viwili visivyo na gharama." Cha kwanza, kumwaga oili kwenye chombo safi kuona kama kuna chenga za chuma. Hazikuwepo. Cha pili, kutoa feni belti na kuwasha gari kwa nusu dakika tu, ili kuondoa mlio wa oltaneta na pampu ya maji. Ule mgongo ukabadilika, ukawa mwepesi. Gari likazimwa. Fundi akaishika puli kwa mikono miwili akaitikisa. Ikacheza. Tulimsikia akivuta pumzi.

Kilichohitajika ni bolti mpya, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoizuia puli isizunguke peke yake. Mfereji ulikuwa umeanza kulika, ila bado kidogo. Spana ya kupimia ikaazimwa gereji ya jirani. Jioni ile Hiace ikarudi Rubafu kimya, na kahawa ikabaki mtini.

Kwa hiyo wadau, mkipata kelele baada ya kazi ya aina hii, anzeni kwa kuuliza ni mlio gani. Ukiwa ni mluzi unaopanda na mwendo wa injini, shuku mkanda uliokazwa mno au beringi ya tensheni ya zamani iliyorudishwa kwa kubana matumizi. Kwenye injini nyingi za namna hii springi ndiyo inayopanga mkazo, siyo fundi kuivuta kwa nondo. Ukiwa ni makofi mepesi, mkanda umelegea na unapiga kava. Mkwaruzo, angalia kava lenyewe limekaa vibaya. Mgongo mkali wa dizeli kwenye kila mzunguko, hapo jino la nozeli pampu linaweza kuwa mbele. Wenye RAV4 za kwanza zenye 3S-FE, kumbukeni pampu ya maji inazungushwa na taiming belti yenyewe, basi nayo isikilizwe. Wa Vitz na IST tulieni, zenu zina cheni. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma kisichozunguka na mpini sikioni, inatosha kuonyesha mlio unatoka wapi, ila nguo na mikono viwe mbali na feni. Mgongo mzito ukianza, zima gari. Usiseme nitafika tu.

Simlaumu fundi peke yake. Ni mimi niliyemkimbiza. Ni sisi wateja tunaopunguza bei mpaka beringi mpya inaonekana anasa, halafu tunashangaa. Lakini kinachonisumbua zaidi ni yule kijana. Alijua tangu siku ya kwanza. Kwa siku mbili alikuwa na jibu la Sh 3,500,000 mdomoni, na alilimeza kwa sababu pale gereji mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Mtasema hayo ni ya mafundi wasiosoma? Hebu kumbukeni semina zetu hapa chuoni. Mara ngapi umeona mhadhiri amekosea alama ubaoni, ukanyamaza, na darasa zima likanakili kosa?

Na nikimlaumu yeye kwa kunyamaza, mimi je? Rubafu nzima inajua kwamba mtoto wa chuo ndiye aliyeokoa gari. Baba mdogo anasimulia mpaka kwenye misiba. Nilijiambia namlinda kijana asifukuzwe kazi, na ni kweli kwa kiasi fulani. Ila sifa zile nilizipokea, na zilikuwa tamu.

Mwezi uliopita nilimpigia baba mdogo nikamweleza yote. Alikaa kimya, halafu akauliza tu, "Yule kijana anaitwa nani?" Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Likizo hii nikishuka Bukoba, kabla sijapanda gari la kwenda nyumbani nitapita pale gereji. Naomba kuwasilisha.