Bwawa Hili Halidai Farasi Arobaini

Ukitaja Dodoma, watu huwaza zabibu, mtama na Bunge. Samaki hawamo kwenye orodha, ingawa basi la Iringa likikaribia Mtera wachuuzi hulikimbilia na perege wa kukaanga kabla halijasimama sawasawa. Perege hao wametolewa bwawani kwa makasia, na mara nyingine kwa injini ambazo, kama kila chuma kinachofanya kazi, zina siku yake ya kufa. Ile ya kwanza ikifa, inunuliwe ipi?

Swali hili huachiwa muuza duka na mwenye boti. Lakini pesa ya umma imo ndani yake. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inazisamehe kodi injini za boti za uvuvi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Serikali ikishaingia kwenye biashara ya kuwakopesha wavuvi vyombo, haiwezi kusema aina ya chombo haiihusu.

Hofu yangu ni kwamba mawazo ya ziwa kubwa yatahamishiwa bwawani bila kupimwa. Mtera si Ziwa Viktoria. Bwawa hili la Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa ili kutunza maji ya mitambo ya Kidatu, na baadaye likapata kituo chake cha megawati 80. Maji yake huongozwa na mahitaji ya umeme pamoja na mvua za msimu mmoja. Yakijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690 mitambo haitakiwi kuendelea kuyavuta. Mita 8 na nusu zinaonekana chache, lakini kwenye bonde tambarare kama lile zinausogeza ufuko mbali sana. Aliyeegesha mtumbwi karibu na nyumba mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja anatembea juu ya matope yaliyokauka kuufuata.

Na hatembei mikono mitupu. Mvuvi mwenye akili haiachi injini majini usiku. Anaifungua na kwenda nayo nyumbani, begani au nyuma ya bodaboda. Kwa hiyo uzito, ambao kwenye vipeperushi vya mauzo huandikwa mwisho kabisa, Mtera ni jambo la kwanza. Injini ya tustroki ya nguvu za farasi 15 ina kilo 40 na kidogo. Fostroki ya nguvu hiyohiyo huzidi kilo 50. Ya farasi 40 haibebwi na mtu mmoja, basi.

Nguvu nazo zina hesabu yake. Boti ya mbao ya mita 7, iliyosheheni nyavu na watu, hulima maji badala ya kuteleza juu yake, na ikifika mwendo wa kilomita 12 hivi kwa saa huanza kupanda wimbi lake yenyewe. Kuanzia hapo kila lita unayoongeza hujenga wimbi, haikufikishi mapema. Farasi 8 hadi 15 zinaitosha. Hata ukitoa asilimia 7 hivi ya nguvu inayopotea kwa sababu hewa ya mita 700 juu ya usawa wa bahari ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo, bado zinatosha, hasa ukifunga propela yenye mkunjo mdogo, inayofaa mzigo kuliko mbio. Mbio zenyewe za kwenda wapi? Bwawa lina visiki vya miti iliyozamishwa maji yalipopanda, na maji yakipungua visiki hivyo huwa sentimita chache chini ya uso. Mwenye farasi 40 huvikuta mapema zaidi.

Ubishi wa kweli ni kati ya tustroki na fostroki, na hapa wavuvi wengi watanipinga. Tustroki, mfano Yamaha Enduro inayojulikana pwani na maziwani, ni nyepesi, ina vipuri, na fundi anaifungua kwa bisibisi na spana chache. Bei yake ni ya chini pia. Hayo yote nayakubali. Lakini inakunywa. Sehemu ya petroli, robo hivi kwa injini za kabureta za muundo wa zamani, hutoka na moshi bila kuungua na kuishia majini. Marekani na Ulaya ziliziondoa madukani kwa sheria za moshi. Kisha kuna oili ya kuchanganya, sehemu moja kwa hamsini, ambayo kijijini hupimwa kwa chupa ya soda na jicho la mpimaji. Ikizidi, plagi inakuwa nyeusi. Ikipungua, pistoni inakwama katikati ya bwawa.

Utetezi mkubwa wa tustroki umekuwa huu: fundi wa fostroki utampata wapi huku bara? Miaka 20 iliyopita ningeukubali. Leo kila senta kuanzia Mtera hadi Mpwapwa ina fundi wa bodaboda, na bodaboda zetu karibu zote ni fostroki. Kijana anayepima nafasi za valvu za pikipiki chini ya mwarobaini hawezi kushindwa na kichwa cha injini ya farasi 10 yenye kabureta. Atakachokosa ni vitu viwili: ujuzi wa sehemu ya chini, yaani gia na pampu ya maji, na vipuri vyake. Kipande cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini hulika upesi kwenye maji ya tope. Ni kitu cha kujaa kiganjani, na kisipopatikana, injini ya mamilioni inalala.

Ndiyo maana naona mkopo wa umma ungelenga palepale mvuvi anaposhindwa peke yake. Petroli huilipa kidogo kidogo kutoka mauzo ya jana. Kinachomshinda ni kutoa kwa mkupuo ile nyongeza ya bei ya fostroki, ingawa nyongeza hiyo hurudi kwa mafuta anayookoa. Halmashauri ikopeshe tofauti hiyo, ilipe na mafunzo ya wiki moja kwa mafundi bodaboda wa Mtera, na iweke vipuri vya pampu ndani ya mkopo. Saizi na chapa achague mwenye boti. Injini za aina moja zikiagizwa kwa zabuni moja, kutakuwa na sherehe ya makabidhiano, lakini visiki havikushirikishwa.

Umeme je? Upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kampuni ya ASOBO imekuwa ikiwakodisha wavuvi mota za umeme, na ni kichekesho kidogo kwamba watu wanaovua juu ya maji yanayozalisha umeme wa taifa wanachoma petroli. Lakini mvuvi anayetafuta injini mwezi huu asifanywe wa majaribio kwa pesa yake. Hilo lijaribiwe na Serikali, kwa boti chache, kwa kukodisha.

Limebaki jambo ambalo fomu za mikopo hulipita haraka. Mikopo ya halmashauri kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na injini ya kikundi hupandwa na wengi lakini huoshwa na mmoja. Kabla ya saini, iandikwe wazi nani anakaa nayo usiku, nani anabadilisha oili, na propela ikigonga kisiki mwezi wa tatu, gharama inatoka kwenye mfuko wa nani.