Waliodanganya Hispania, aliyefungiwa Pemba

Juzi uwanjani Gombani nilimtazama kijana mwenye ulemavu wa akili akikimbia, nikajiuliza: huyu nani atampa daraja? Sydney 2000, timu ya Hispania ya kikapu ya wenye ulemavu kama wake ilitwaa dhahabu. Kumbe wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo! Adhabu ikawaangukia wenyewe hasa: Athens na Beijing wakafungiwa nje, na London 2012 wakaruhusiwa michezo mitatu tu. Eti haki.

Leo atakiwa kuonyesha IQ isiyozidi 75, kwa vipimo kama cha Wechsler, kilichotungwa Marekani. Haya, nani atampima kwa Kipemba? Mwenye kughushi hakosi karatasi. Wetu ndiye hana. Wapimaji na wavuke bahari wao, waje Chake Chake.